Mita Mia Mbili na Kumi na Mbili

Ziwani, Jumapili, 16 Machi 2025

Shemeji Vumilia,

Najua utaisoma barua hii umekunja uso. Kunja tu, mradi uimalize. Nimefika jana kwenye nyumba yetu ya mbao, ile tuliyoinunua mimi na marehemu mumeo Nathaniel, wewe ukatugombeza kwamba Wachaga wawili wasiojua kuogelea wamekuja Uswidi kununua nyumba majini. Jiko liligoma kuwaka mpaka nikalitukana kwa Kirombo, ndipo likashika moto.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Elieshi ameniambia mama yake bado hashiki simu. Sikulaumu. Ni kwenye simu ulikoisikia sauti yangu siku ile, na nadhani hata mimi ningeitupa. Sanduku la posta liko pale barabarani, mwendo wa dakika kumi, na kutembea kunanifaa. Daktari ananisifia miguu tu, kwingine kote ananisikitikia.

Niliahidi kwamba barafu ikiondoka nitamtafuta, na nimekuja kutimiza. Mwezi ujao tarehe kumi na mbili unatimia mwaka mzima. Polisi walitafuta siku nne wakasema ziwa lina kina kirefu, basi. Mimi sina haraka kama wao. Upande wa kaskazini maji yameshafunguka, upande wa kusini bado pana barafu ya kijivu inayolia mchana kutwa kama mlango usiotiwa mafuta. Nitazunguka na boti polepole, mishipi nyuma, kama tulivyokuwa tukifanya kila masika tukitafuta samaki aina ya samoni na trauti, ila safari hii ndoana zitakuwa nzito na zitapita chini.

Nina ombi dogo. Ule ufito wake wa kuvulia ambao polisi walikurudishia, mpe Elieshi aniletee. Wewe hapo Rinkeby unakujazia kabati tu, mimi utanifaa.

Wako,
Severin

*

Rinkeby, Ijumaa, 21 Machi 2025

Shemeji Severin,

Barua yako imefika. Jambo la kwanza, usimwite marehemu. Marehemu ana kaburi. Kaka zake kule Machame wameacha nafasi kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba na kaburi la baba yao, na kila wiki wanamuuliza Elieshi lini. Mtoto amekonda kwa swali hilo kuliko kwa mitihani yake ya unesi huko Flemingsberg.

Ufito sikuletei. Kwa mwaka mzima sikuufungua ule mfuko wa polisi, ulikaa nyuma ya makoti. Barua yako ndiyo iliyonifanya niufungue. Nilitaka kujua kwa nini mtu mwenye fito sita anaomba wa saba.

Nimeuona. Gurudumu la mshipi lina kidirisha kidogo chenye namba, na namba iliyosimama ni 212. Mshipi umebaki kidogo sana kwenye gurudumu, karibu chuma kionekane. Niambie hiyo namba ni ya nini. Usinizungushe, Severin. Nimekujua tangu mlipokuja wote wawili kujifunza mitambo, mkilala chumba kimoja mkigombania sufuria, na ukianza kuchekesha watu huwa kuna kitu umekivunja.

Vumilia

*

Ziwani, Jumanne, 25 Machi 2025

Shemeji,

Sufuria ile ilikuwa yangu, iandikwe popote.

Kidirisha kinahesabu mita za mshipi zilizokwenda majini. Uvuvi wetu ni wa boti inayotembea. Mmoja anaendesha akiangalia mbele, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, mwingine anakaa nyuma na fito. Anatupa chambo cha bati, anaachia mshipi mpaka namba anayoitaka, kisha anafunga. Samaki akishika, gurudumu linalia, mshipi unakimbia. Hapo dereva ana sheria moja tu: hazimi injini na hapunguzi mwendo, maana mishipi yote ikilegea samaki anatema ndoana. Aliyeko nyuma ndiye anayehangaika. Nathaniel aliniimbia sheria hiyo miaka ishirini.

Kwa hiyo 212 ni yule samaki wa siku ile. Nilishakueleza wewe na polisi. Alishika samaki mkubwa, akamkimbiza, akasimama kuchukua wavu, boti ikayumba, akateleza. Mshipi ukakatika, samaki akaenda zake. Jaketi la kujiokolea alikuwa amelivua kwa sababu ya jua. Ningekuwa na jambo jingine ningekuambia.

Naendelea kutafuta kwenye ghuba ya kaskazini. Jana nilipata trauti wa kilo tatu bila kumkusudia, nikaona aibu kumla nikamrudisha. Kila asubuhi nikishuka gatini naikuta boti imegeuka, pua inaangalia kusini, ingawa nimeifunga kamba mbili. Labda ni upepo.

Hizo namba zisikusumbue. Pembeni ya kidirisha kuna kitufe cheusi. Kibonyeze, zitarudi sifuri.

Severin

*

Rinkeby, Jumapili, 30 Machi 2025

Severin,

Kitufe nimekiona, sikibonyezi. Na sasa soma vizuri, kwa sababu mimi si mtu wa ndoto na wewe unalijua hilo.

Namba si 212 tena. Leo ni 150. Ilianza Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, siku moja baada ya kukuandikia. Nilifungua kabati kutoa koti la kanisani nikakuta 203. Nikadhani Elieshi amechezea. Nikamuuliza, akanijibu Kiswidi kama kawaida yake, kwamba hajagusa, na kwamba mama anahitaji kulala. Kesho yake ikawa 195. Nikafunga kabati kwa ufunguo, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Ikawa 187. Hapo Elieshi alisimama pale mlangoni akaacha Kiswidi, akasema, "Mama, mshipi umeongezeka."

Ni kweli umeongezeka. Gurudumu lililokuwa limekonda sasa limenenepa. Mshipi mpya ni wa baridi na umelowa, na kabati zima linanuka maji ya ziwa. Nimetandika taulo chini. Ule mkia wa mshipi kwenye ncha ya ufito bado unaning'inia kama ulivyokuwa, mkavu.

Nilimwita Onesphore, yule Mrundi mwenye duka la unga hapa chini, mvuvi wa siku nyingi. Sikumwambia habari ya namba. Nilimwonyesha ule mkia tu. Aliuweka kwenye mwanga wa dirisha, akasema mshipi wa aina hii ukikatika kwa kuvutwa unajikunja na kuwa mweupe mwishoni. Huu umekatwa kwa kisu.

Wewe uliniambia umekatika. Nani alikuwa na kisu?

Vumilia

*

Ziwani, Alhamisi, 3 Aprili 2025

Shemeji Vumilia,

Barua yako niliisoma nimesimama barabarani, na gari la taka likanipigia honi.

Ni mimi niliyeukata. Mshipi ulinasa chini kwenye mawe, boti ikaanza kuvutwa, nikaogopa kuzama nami. Sikukuambia kwa sababu lilikuwa jambo dogo mbele ya jambo kubwa. Nisamehe kwa hilo.

Habari za namba kupungua zitakuwa na sababu. Vyombo hivyo vina betri, na joto la ndani linaweza kuvichanganya. Unyevu nao, koti likining'inizwa bichi kabatini ni hivyo hivyo. Naandika sentensi hii kwa mara ya tatu na bado siiamini, basi iache hapo.

Nikuambie ya huku. Jana mchana, jua kali, ziwa limetulia kabisa. Nilikuwa kwenye ghuba ya kaskazini, na ufito mmoja nyuma. Ukainama. Haukuinama kama wa samaki, maana samaki anapiga kichwa, anakimbia, anapumzika. Kilichoshika hakikukimbia. Kilienda upande mmoja kwa mwendo ule ule wa boti, kama mtu anayekufuata barabarani akihesabu hatua zako. Nilipoufikia ufito kikaachia, na kwenye chambo hapakuwa na jino wala gamba. Nikakimbilia gatini kama mtoto, mimi niliyefunga mitambo kwenye mahandaki ya treni miaka thelathini.

Barafu ya kusini imevunjika tangu Jumatatu. Tafadhali kibonyeze hicho kitufe.

Severin

*

Rinkeby, Jumapili, 6 Aprili 2025

Severin,

Leo ni 71.

Elieshi ameleta karatasi ya polisi ya mwaka jana. Ina ramani. Mahali ulipowaonyesha pako kusini, karibu na kisiwa kidogo chenye miti mitatu. Wiki tatu sasa unaniandikia kwamba unamtafuta kaskazini. Barafu ya kusini imevunjika tangu Jumatatu, umeandika mwenyewe kwa mkono wako, na Jumatano ukaenda tena kaskazini.

Nimekaa na hilo mchana kutwa nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyevila. Mtu anayetafuta mahali ambapo hakupoteza, hataki kupata. Nina uchungu, Severin. Ulikaa sebuleni kwangu siku arobaini, ukapokea wageni, ukabeba viti, ukalia kuliko mimi. Niliwaambia watu wa Machame kwamba huyu si rafiki, ni ndugu yake.

Sikuulizi nani alikosea. Nauliza yuko wapi, na ilikuwaje. Wiki hii namba inapungua mita kumi na moja au kumi na mbili kwa siku. Nimepiga hesabu, Jumamosi itafika sifuri, na Jumamosi ni tarehe kumi na mbili. Sijui sifuri italeta nini hapa mlangoni kwangu, ila sitaki kuifungulia mlango nikiwa sijui ukweli. Ninaogopa. Nimemwambia Elieshi ninaogopa, akanishika mkono, tukakaa hivyo.

Jumamosi tunakuja na basi la asubuhi, na ufito tunao. Kabla ya hapo niandikie. Usinichekeshe.

Vumilia

*

Ziwani, Jumatano, 9 Aprili 2025

Vumilia,

Hapakuwa na samaki.

Nilikuwa naendesha, jua machoni, kofia imefunika masikio. Yeye nyuma alikuwa ameuvuta ufito wake kuondoa majani kwenye chambo, kidirisha kiko sifuri, chambo kiko mkononi. Kilichofuata nimekijua baadaye kwa kukipanga kichwani kila siku ya mwaka huu. Aliinama kukitupa, akateleza, ndoana ikamshika mkono wa koti. Hakupiga kelele. Maji ya baridi ile yanamnyang'anya mtu pumzi kabla ya sauti.

Mimi nilisikia gurudumu likilia. Nikajua amepata samoni wa maisha yake. Sikugeuka. Dereva hageuki, hazimi injini, hapunguzi mwendo. Nilicheka, shemeji. Nilipiga ukingo wa boti kwa kiganja nikapaza sauti, "Mwache akimbie! Mwache!" Nilimwimbia ule wimbo wetu wa kijinga wa bwenini. Ukitaka kujua muda gani, ni mita mia mbili na kumi na mbili kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Ni dakika tatu na kidogo. Kwa dakika tatu nilimwacha nyuma nikiimba.

Nilipogeuka kumtania kwa kukaa kimya, kiti kilikuwa kitupu.

Nilizima injini. Nikaushika ufito. Ulikuwa mzito, na ukavuta mara tatu. Alikuwa hai mwisho wa ule mshipi na aliniita mara tatu kwa mkono wake. Ilibidi nishike kishikio nizungushe. Hakuna kingine kilichohitajika, hata mtoto angezungusha. Lakini nikafikiri atakavyotoka majini na kuniangalia, amenisikia nikicheka muda wote ule. Mkono ukaganda. Nikasubiri. Mvuto wa nne haukuja. Na kwa sababu haukuja, niliogopa zaidi kuuona uso wake, nikachukua kisu cha samaki nikakata.

Baadaye nilikupigia simu.

Nimeomba ule ufito ili usiuone mkia uliokatwa. Nimezunguka kaskazini ili nisimpate, kwa maana angepatikana na ile ndoana kwenye mkono wa koti lake, na uongo wangu ungefichuka. Ndiyo habari yote. Sasa unaelewa kinachoendelea kabatini kwako. Kuna anayezungusha mita nilizoshindwa kuzungusha mimi.

Jumamosi nitakwenda kusini, kwenye kile kisiwa. Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nikiwa hai ukifika, nitauomba nimesimama mbele yako.

Severin

*

Mezani, nyumba ya mbao, Jumamosi, 12 Aprili 2025, saa mbili asubuhi

Vumilia, basi lenu linafika saa nne na nusu. Kuna chai kwenye chupa, na jiko nimeliacha linawaka.

Asubuhi hii boti sikuikuta imegeuka. Niliikuta imefunguliwa kamba zote mbili, imetulia palepale gatini, inanisubiri. Nimechukua ufito mmoja. Majaketi ya kujiokolea nimeyaacha kwenye msumari, la Nathaniel na langu, sikuona haki kuvaa.

Gurudumu likilia tena nyuma yangu, nitageuka mara moja.

S.

*

Rinkeby, Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Shemeji Severin,

Sijui barua hii nitaipeleka wapi, ila nimezoea kukujibu. Elieshi atakuja kuitia kwenye sanduku lako la barabarani.

Tulifika saa nne na nusu. Chai yako tuliikuta ya moto. Barua ya mezani niliisoma nimevaa koti, kisha nikashuka gatini na ufito mkononi, Elieshi nyuma yangu. Ziwa lilikuwa tulivu. Boti tuliiona mbali, karibu na kile kisiwa chenye miti mitatu, injini inanguruma polepole, inazunguka duara moja bila kukoma. Hapakuwa na mtu ndani. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Elieshi akapiga simu ya dharura, na kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima niliishika simu nami, nikawaambia waje.

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa gati kidirisha kiliposoma 2, kikasoma 1. Sikukigusa. Kilipofika sifuri nikasikia kitu kimegonga nguzo ya gati chini ya miguu yangu, taratibu, kama mtu anayebisha akijua wenyeji wamo.

Alikuwa yeye. Maji hayafiki kiunoni pale. Polisi walipofika, mmoja wao mwanamke alisema baridi ya chini humtunza mtu, na ni kweli imemtunza, sweta nililomfuma nililitambua kabla ya uso. Ndoana ilikuwa kwenye mkono wa koti kama ulivyoandika. Mshipi uliokuwa umefungwa kwenye ile ndoana ulikuwa na urefu wa kiganja changu tu. Polisi waliniuliza mita nyingine zimekwenda wapi. Zote zilikuwa kwenye gurudumu mkononi mwangu, zinadondosha maji kwenye viatu.

Nililia mpaka nikatosheka. Nilimfunga vifungo vya koti. Elieshi ameshawaambia Machame wachimbe.

Wewe walikutafuta mpaka jua linazama, leo wamerudi tena. Wanasema uliteleza. Kwenye boti walikuta ufito wako mmoja, mshipi umekatika wenyewe, umejikunja na kuwa mweupe mwishoni. Yule polisi mwanamke alinionyesha kwa sababu nilimwomba. Angalau wewe hukukata.

Nilikuwa na maneno mabaya nimekuwekea, Severin. Niliyapanga ndani ya basi, mengi, tena kwa Kipare ili yaume. Dakika tatu zile sitazisahau, na huko kucheka kwako naweza hata kukusamehe, ulikuwa unamfurahia. Ile mivuto mitatu ndiyo siwezi. Asubuhi hii sikwenda kanisani. Nilifungua kabati nitoe ule ufito nimpe Onesphore autupe mbali na nyumba yangu.

Kidirisha kilisoma 40.

Nikakaa kitandani nikaangalia. Kikasoma 41. Safari hii hakirudi nyuma, kinakwenda mbele, na gurudumu linakonda. Nilimwita Elieshi, akaja, akaangalia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, acha tu. Achana naye."

Ningeweza. Haki hiyo ninayo kuliko mtu yeyote. Kisu cha jikoni kilikuwa karibu, na kitufe cheusi kiko palepale ulikonielekeza.

Sasa ni saa tisa alasiri na kidirisha kimefika 63. Ufito umeegemea kiti mbele yangu, umeinama, ingawa kwenye ncha hakuna kitu ila ule mkia mkavu. Nimeacha kalamu mara moja nikaushika. Ni mzito, Severin. Umevuta mara tatu.

Nimekusikia. Elieshi ameshika kitako cha ufito, mimi nimeshika kishikio. Nitaiacha barua hapa kwa sababu nahitaji mikono yote miwili. Mimi sikati.

Vumilia